Picha ya Kweli, Maneno Yaliyozidi

Mwishoni mwa kiangazi cha 2017, katika Kisiwa cha Somerset, kaskazini ya mbali ya Kanada, dubu mweupe alionekana akijikokota juu ya ardhi isiyo na theluji. Manyoya yalikuwa yamelegea juu ya mifupa, na mguu mmoja wa nyuma aliuburura. Alifika kwenye pipa la taka ambalo wavuvi wa Kiinuit hulitumia wakati wa msimu, akapekua, hakupata kitu, akajilaza chini. Kwa mbali walikuwepo wapiga picha Paul Nicklen na Cristina Mittermeier pamoja na wenzao wa SeaLegacy, shirika la kuhifadhi bahari ambalo wawili hao walilianzisha mwaka 2014. Nicklen alieleza baadaye kwamba walirekodi huku machozi yakiwatoka.

Desemba ya mwaka huohuo video ikatoka. Jarida la National Geographic likaandaa toleo lake na kuweka maandishi juu ya picha. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba hivi ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana, na maneno "mabadiliko ya tabianchi" yakapakwa rangi ya njano, ileile inayozunguka jalada la jarida hilo. Kwa makadirio aliyoyataja Mittermeier, iliwafikia watu bilioni 2.5, na hapakuwa na video nyingine iliyotazamwa zaidi katika tovuti ya jarida. Miezi minane baadaye, Agosti 2018, wahariri walikiri hadharani kwamba walikwenda mbali mno walipomfungamanisha moja kwa moja dubu yule na mabadiliko ya tabianchi. Hakuna aliyempima. Huenda alikuwa mzee, huenda mgonjwa, huenda aliumia. Mwanabiolojia mmoja aliyeitazama video alitaja uwezekano wa saratani.

Kila kitu ndani ya picha ile kilikuwa kweli. Dubu alikuwepo, njaa ilikuwepo, pipa lilikuwepo, na hakuna aliyeghushi hata unywele. Kilichozidi ni sentensi. Na kwa kuwa walioisimamia picha walikuwa watu wenye nia njema, wanaoijua Aktiki kuliko wengi wetu, swali wanalotuachia ni gumu kuliko lile la uongo wa kawaida: je, mtu aliyeona jambo la kweli, anayeamini kwa haki kabisa kwamba dunia iko hatarini, anaruhusiwa kusema zaidi ya anachokijua ili watu wamsikie?

Ni rahisi kujibu "hapana" ukiwa umekaa kitini. Nicklen alikuwa na sababu zake. Alikulia Kimmirut, kijiji cha Wainuit katika Kisiwa cha Baffin, nyumbani hakuna televisheni wala simu, na utoto wake ukapita nje, barafuni. Akasomea biolojia, akafanya kazi ya serikali kaskazini mwa Kanada akichunguza wanyama pori, dubu weupe wakiwemo. Akachoka. Aliona viumbe anaowapenda wakigeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zikigeuzwa kuwa ripoti ambazo hazimsogezi mtu. Akaacha uanasayansi akachukua kamera. Mwaka 2006 alizama katika maji ya Antaktika na kukutana na sili-chui jike, mnyama mwenye kichwa kikubwa na meno ya kutisha, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akimletea pengwini, kana kwamba anamlisha mwindaji asiyejua kuwinda. Picha zile zilibadilisha jinsi watu wengi walivyomfikiria mnyama huyo, jambo ambalo hakuna jedwali la takwimu lililowahi kulifanya.

Mittermeier, aliyezaliwa Mexico, naye alianza na sayansi ya bahari. Mwaka 2005 alianzisha umoja wa kimataifa wa wapiga picha wa uhifadhi, kwa imani kwamba kamera inaweza kusukuma sheria na sera. Wawili hawa basi hawakuwa wapita njia. Waliujua ushahidi wa kisayansi na waliona haufiki mahali. Walipomwona dubu wa Somerset waliamini wamepata kile kilichokosekana.

Ushahidi wenyewe ni mzito. Dubu mweupe huwinda sili akiwa juu ya barafu ya bahari; hunyemelea tundu ambalo sili hutokeza pua ili kupumua, na hushiba zaidi majira ya kuchipua, watoto wa sili wanapokuwa tele. Barafu ikiyeyuka hupanda nchi kavu na kuishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Kadiri barafu inavyowahi kupasuka na kuchelewa kuganda, ndivyo saumu yake inavyorefuka. Mwaka 1999 Ian Stirling na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha kuwahi kupasuka kwa barafu na kudhoofika kwa dubu wa magharibi mwa Ghuba ya Hudson. Hesabu ya anga ya mwaka 2016 ilikadiria dubu 842 katika eneo hilo. Ya mwaka 2021 ikakadiria 618. Septemba 2012 barafu ya Bahari ya Aktiki ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979. Eneo hilo limepata joto karibu mara nne ya wastani wa dunia katika kipindi hicho.

Lakini sayansi hiyo inazungumzia kundi, na picha inazungumzia mmoja. Mganga wa zahanati anajua kwa hakika kwamba mahali ambapo watu hawalali ndani ya chandarua malaria huwa nyingi. Akiletewa mtoto mmoja mwenye homa, hana budi kumpima damu kabla ya kusema lolote. Ujuzi wake kuhusu kijiji haumpi ujuzi kuhusu mtoto huyu. Na vijiji vyenyewe havifanani: dubu weupe wamegawanyika katika makundi karibu 20, na wakati wale wa magharibi mwa Hudson wanapungua, idadi ya wale wa Ghuba ya Boothia, iliyo karibu na Kisiwa cha Somerset, imeonekana kuwa thabiti katika hesabu za miaka hii. Aliyetaka kumfanya dubu mmoja kuwa hoja alipaswa kuuruka mfereji huo kati ya wote na mmoja, na hapakuwa na daraja.

Watetezi wa video wanajibu kwa hoja ya matokeo. Kama watu bilioni mbili na ushei wamesikia kilio cha Aktiki, na kilio chenyewe ni cha kweli, kuna ubaya gani iwapo mfano uliochaguliwa haukuwa sahihi? Aliye na nyumba inayoungua hahojiwi kama alitaja kwa usahihi chumba moto ulikoanzia. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 18, angewakatalia kabisa. Alishikilia kwamba hata mwuaji anayemsaka rafiki yako hupaswi kumdanganya. Wengi wetu tunamwona Kant amepita kiasi. Hata hivyo yeye alizungumzia uongo, na hapa hakuna aliyedanganya kwa maana hiyo. Kuna tu hakika iliyotiwa chumvi.

Mila za dini zinazojulikana kwetu zimelitafakari jambo hili kwa karibu zaidi, kwa sababu zilihitaji mahakama. Torati inataka mashahidi wawili au watatu ndipo neno lithibitike. Katika fiqhi asili ya ushahidi ni kile mtu alichokiona kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake. Akianza kukisia sababu, kadhi humrudisha kwenye alichokiona. Na nia njema, ambayo Waislamu wanafundishwa kuwa ndiyo kipimo cha matendo, haimpi shahidi macho asiyokuwa nayo. Surat al-Hujurat, inapoagiza kwamba habari ihakikishwe kabla ya kuifanyia kazi, inataja sababu ambayo wasomaji wengi huipita haraka: kuna watu wa tatu wanaoweza kudhurika kwa kutojua kwetu.

Watu wa tatu wa Aktiki wana jina. Ni Wainuit, na wanajua gharama ya picha nzuri.

Katika miaka ya 1970 harakati za kupinga uwindaji wa sili zilipata silaha isiyoshindika: mtoto wa sili mwenye manyoya meupe na macho makubwa meusi, juu ya barafu yenye damu. Mwaka 1977 mwigizaji wa Kifaransa Brigitte Bardot alisafiri hadi barafuni mashariki mwa Kanada kupinga uwindaji huo, na picha zikazunguka dunia. Shirika la mazingira la Greenpeace lilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ikapiga marufuku uingizaji wa ngozi za watoto wa sili. Wainuit, ambao kwa sehemu kubwa huwinda sili wakubwa wa aina nyingine, hula nyama yake na kuuza ngozi iliyobaki, waliwekewa msamaha kwenye karatasi. Sokoni hakuna aliyeusoma msamaha huo. Bei ya ngozi ya sili ikaanguka kwa aina zote, na vijiji ambavyo fedha zao taslimu zilitoka hapo vikabaki bila njia ya kununulia petroli na risasi za kuwindia chakula.

Picha ya mtoto wa sili ilikuwa ya kweli, sawasawa na ya dubu. Sentensi iliyoambatana nayo, kwamba kuwinda sili ni ukatili, iliwakusanya wote waliowahi kushika chusa. Mwaka 2014 Greenpeace Kanada iliwaomba radhi Wainuit waziwazi kwa madhara ya kampeni hiyo, miongo mitatu baada ya bei kuanguka. Mwaka huohuo Wainuit walianza kujipiga picha wakiwa wamevaa makoti na viatu vya ngozi ya sili na kuzisambaza mtandaoni. Alethea Arnaquq-Baril, mtengenezaji filamu wa Kiinuit kutoka mji wa Iqaluit, alitoa filamu yake *Angry Inuk* mwaka 2016, na moja ya hoja zake ni kwamba hasira ya watu wake ni ya kimya, isiyopiga kelele, kwa hiyo katika ulimwengu wa kampeni zenye sauti kubwa haihesabiwi kuwa hasira.

Sheila Watt-Cloutier, aliyezaliwa Kuujjuaq mwaka 1953, alichukua njia nyingine. Desemba 2005, akiwa mwenyekiti wa Baraza la Wainuit la mataifa ya kaskazini, aliwasilisha ombi mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, akidai kwamba hewa chafu inayotoka Marekani inavunja haki za Wainuit. Tume haikulisikiliza ombi lile kama kesi. Lakini hoja ilikwisha kusemwa: kuna watu ambao barafu ndiyo barabara yao, ghala lao na shule ya watoto wao, na kuipoteza ni kupoteza haki. Alikiita kitabu chake cha mwaka 2015 haki ya kuwa na baridi. Ukimtazama dubu wa Somerset baada ya kumsikia Watt-Cloutier, unaliona lile pipa la taka kwa jicho jingine. Ni kitu pekee katika fremu kinachoonyesha kwamba watu huishi na kuvua huko, na limewekwa pale kama mapambo ya njaa ya mnyama.

Baada ya video kutoka, mfuatiliaji mmoja wa dubu kutoka Arviat, kijiji cha eneo la Nunavut kwenye pwani ya Ghuba ya Hudson, aliwaambia waandishi wa habari wa Kanada kwamba hakushangaa sana. Dubu huumwa, huzeeka, huumia, na wengine hufa hivyo. Hakukana kwamba dunia inapata joto. Alifanya alichopaswa kufanya mjuzi wa mahali: alirudisha kwenye picha uwezekano ambao maandishi ya njano yaliufuta.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kwenda hadi Aktiki kuelewa maana ya kuwa ndani ya picha ambayo maneno yake yameandikwa na mwingine. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, alirekodi kule Korem, kaskazini mwa Ethiopia, njaa ambayo BBC iliitangaza ikiwa na sauti ya mwandishi wake Michael Buerk. Kutokana na picha hizo zilipatikana nyimbo, tamasha la Live Aid la Julai 1985, na misaada mikubwa iliyookoa watu. Hakuna anayeweza kusema kwa dhamiri safi kwamba ingekuwa bora Amin asipige. Lakini wengi waliotazama walielewa kwamba ni ukame, kana kwamba mbingu peke yake ndiyo iliyohukumu, huku vita vya serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati huo, na mbinu zake za kuwanyima chakula waliokuwa upande wa waasi vikibaki nje ya fremu. Kwa miaka mingi baadaye Ethiopia nzima ilijulikana kwa sura moja.

Tofauti ya Amin na video ya dubu ni kwamba kule Korem mpiga picha alikuwa mtu wa ukanda huuhuu, na walioonekana ni watu waliokuwa wakifa mbele yake, siku ile. Msaada uliweza kuwafikia wao wenyewe. Dubu hakuweza kufikiwa. Watazamaji wengi walikasirika kwamba hakulishwa, na Nicklen alijibu kuwa kulisha dubu ni kinyume cha sheria huko Kanada na kwamba yeye hatembei na karibu kilo 180 za nyama ya sili. Kumtupia kipande kungerefusha mateso tu. Jibu lina mantiki. Lakini linafunua jambo: kuanzia dakika ile kamera ilipowashwa, dubu huyu hakuwepo tena kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa mfano wa wenzake, na hata wa dubu ambao bado hawajazaliwa.

Na Mittermeier, alipoandika mwaka 2018, alilitaja hilo kwa uwazi usio wa kawaida katika kazi yake. Alieleza kwamba walikuwa wakitafuta picha inayotabiri yatakayokuja, na kwamba labda kosa lao lilikuwa kutoieleza hadithi nzima, kwamba hawakujua kilichompata dubu yule.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Kuna kazi mbili za kale ambazo mara nyingi hushikwa na mtu mmoja na kuchanganywa: kazi ya shahidi na kazi ya mwonyaji. Shahidi anasema yaliyotokea. Mwonyaji anasema yatakayotokea watu wasipogeuka. Vipimo vyao havifanani hata kidogo. Yona, ambaye Waislamu wanamwita Nabii Yunus, alitumwa kuuonya mji wa Ninawi. Watu wakatubu, na adhabu haikushuka. Katika masimulizi ya Biblia yeye mwenyewe alikasirika, maana alichokitangaza hakikutokea. Lakini kwa mwonyaji, kutotokea kwa alichokionya ndiko kufaulu kwake. Shahidi hana nafasi hiyo. Akisema jambo limetokea na kumbe halikutokea hivyo, hakuna toba ya wasikilizaji inayoweza kuurekebisha ushahidi wake.

Video ya Somerset ilipigwa na waonyaji ikatangazwa kama ushahidi. Laiti maandishi yangesema kwamba dubu huyu anakufa kwa sababu tusiyoijua, na kwamba wengi watakufa hivi barafu ikiendelea kupungua, yangekuwa onyo, nalo lingesimama na takwimu za magharibi mwa Hudson nyuma yake. Badala yake yalisema jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulihoji, na walihoji. Wanaokanusha mabadiliko ya tabianchi walilidaka kosa hilo kwa furaha na kulitumia kana kwamba kuanguka kwa sentensi moja kumeangusha vipimo vya setilaiti vya miaka karibu 40.

Kuna waliojaribu njia ya shahidi mvumilivu. Mpiga picha Mmarekani James Balog, aliyekuwa na shaka yake mwenyewe kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mwaka 2007 alianzisha mradi wa kufunga kamera mbele ya barafu za Greenland, Iceland, Alaska na Montana, kila kamera ikipiga picha yenyewe saa za mchana, mwezi baada ya mwezi. Kamera ziligandishwa, zikapigwa na mawe, nyaya zikatafunwa na mbweha, betri zikafa. Mei 2008, kule Ilulissat, Greenland, vijana wawili wa mradi waliokuwa wamekesha kwenye mwamba kwa wiki kadhaa walirekodi barafu ikimeguka kwa dakika 75, kipande kirefu kuliko majengo marefu ya Manhattan kikipinduka majini. Tukio hilo liko katika filamu *Chasing Ice* ya mwaka 2012. Linastaajabisha, lakini nguvu ya mradi iko kwenye zile picha za kuchosha: mahali palepale, pembe ileile, miaka inapita, barafu inarudi nyuma. Ukingo wa barafu hauumwi saratani wala hauzeeki. Mfululizo wa miaka unabeba sababu ambayo picha moja haiwezi kuibeba.

Mtu anaweza kulalamika kwamba uvumilivu huo ni anasa. Tunasubiri uthibitisho huku bahari ikipata joto. Malalamiko haya yangekuwa na nguvu kama kukiri kutojua kungekuwa sawa na kukaa bure. Historia ya karibuni ya Aktiki inaonyesha kinyume chake, na mara zaidi ya moja.

Julai 2017, wiki chache tu kabla ya dubu kurekodiwa, Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa hukumu katika kesi ya Clyde River, kijiji cha Wainuit katika Kisiwa cha Baffin. Kampuni za utafutaji mafuta zilikuwa zimepewa kibali cha kulipua mawimbi ya sauti baharini ili kupima miamba ya chini, mawimbi ambayo wanakijiji walihofia yangewadhuru nyangumi na sili. Wakati wakijibu maswali ya wanakijiji, wenye mradi walikabidhi hati ya kurasa karibu 4,000, nyingi hazikutafsiriwa katika Kiinuktitut, lugha ya wanakijiji, kwa watu wenye intaneti ya kusuasua. Mahakama iliona kwamba hayo si mashauriano, ikabatilisha kibali. Wanakijiji hawakudai kuthibitisha kwamba nyangumi fulani angekufa. Walidai haki ya kuulizwa kabla ya madhara kujulikana. Na shirika lililosimama pamoja nao mahakamani ni Greenpeace Kanada, lilelile lililoomba radhi miaka mitatu nyuma.

Agosti 2019 serikali ya Kanada na Wainuit wa mkoa wa Qikiqtani walisaini makubaliano ya eneo la hifadhi ya bahari la Tallurutiup Imanga, zaidi ya kilomita za mraba 100,000 za maji, yanayogusa pwani ya kaskazini ya kisiwa kilekile cha Somerset. Makubaliano yaliwatambua Wainuit kama walinzi wa kulipwa wa eneo hilo. Kwa maneno mengine, ushahidi wa pwani ile umewekwa mikononi mwa watu wanaorudi mahali palepale kila msimu, na ambao wakimwona dubu amekonda wanaweza kusema kama walimwona mwaka jana.

Mfano wa tatu uko katikati kabisa ya Bahari ya Aktiki, nje ya mipaka ya nchi yoyote. Kwa maelfu ya miaka barafu ilikuwa imezuia mashua kufika huko. Ilipoanza kupungua, mataifa yaliona kwamba siku moja meli za uvuvi zitaingia, na hakuna aliyejua kuna samaki gani, wangapi, wala kama wanaweza kuvuliwa bila kumalizwa. Oktoba 2018, kule Ilulissat, nchi tisa zikiwemo Marekani, Urusi, China, Japani na Kanada, pamoja na Umoja wa Ulaya, zilisaini mkataba wa kutofanya uvuvi wa biashara katika eneo la kilomita za mraba milioni 2.8. Mkataba ulianza kutumika Juni 2021. Hapakuwa na picha ya kulia nayo. Hakuna samaki aliyekuwa ameisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amevuliwa. Sababu iliyoandikwa ni kutojua: kwanza sayansi, halafu nyavu.

Sayansi hiyo imeanza, na kamera imo ndani yake. Kati ya 2019 na 2020 meli ya utafiti ya Kijerumani, Polarstern, iliachwa igande katika barafu na kusukumwa nayo kwa takriban mwaka mzima. Wanasayansi waliteremsha kamera ya chini ya maji katika giza lililo chini ya barafu, pamoja na vipima mwangwi na ndoana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasimulia samaki wachache sana, ngisi ambao hakuna aliyewategemea kule, na samaki kadhaa aina ya kod wa Atlantiki waliokuwa wamezaliwa kwenye mazalio ya Norway na kuishi katika maji ya Aktiki kwa miaka kadhaa. Video hiyo kwa sehemu kubwa ni maji matupu. Hakuna maandishi ya njano juu yake, na haikuwafikia watu bilioni. Muda wa kwanza wa mkataba ni miaka 16, utakaoisha 2037. Baada ya hapo unaongezwa kwa miaka mitano mitano ila kama mmoja wa wahusika kumi atapinga. Atakayepinga atataka kuambiwa kuna nini chini ya barafu, na watakaomjibu ni hao walioteremsha kamera, kwa kiasi kile tu walichokiona.